Baba Saba wa Asheri

Jumapili, 28 Novemba 1954

Majilio yameanza leo na mimi nimekwisha aibika. Mshenga wangu alikwenda jana kumposa Ruthi. Leo baada ya ibada baba yake, Mzee Abrahamu, mzee wa kanisa letu hapa shamba la mkonge, akanijibu mbele za watu. Akasema hata Masiha hakuja hivi hivi. Mathayo amewataja baba zake jina kwa jina, tangu Ibrahimu, akapita kwa Daudi. Wayahudi wanamngoja bado, sisi twasema amekwisha kuja, lakini wote twauliza jambo moja: ni wa uzao wa nani? Je, wewe Asheri, karani wa mizani, u wa nani? Jumapili ijayo nisimame nyumbani kwake niwataje baba saba. Nikishindwa, Ruthi ni wa Timotheo, mposaji mwenzangu.

Timotheo anao tisa! Alicheka mpaka jino la mwisho. Mimi sina hata mmoja. Mama alikufa hakunitajia mtu.

Jumanne, 30 Novemba

Akili ninayo! Saa sita mchana nimekwenda makaburi ya zamani, kule nyuma ya mkonge, walikozikwa vibarua waliotoka mbali. Hawana ndugu wa kuja kuwadai. Nimenakili majina saba misalabani, kuanzia Noa mpaka Ernesti. Jua kali, upepo hakuna, hata ndege hakulia.

Palikuwa na mzee anang'oa majani. Sikio la kushoto limechanika. Nikampa shikamoo. Akasema marahaba mwanangu, wala uso hakuinua. Nikamwuliza kama aliwajua marehemu hawa. Akasema anawapalilia tu, maana hawana mtoto. Nilipogeuka kumuaga hayupo. Mkonge haukutikisika hata jani. Wazee wengine hawana adabu.

Ijumaa, 3 Desemba

Nimekariri vizuri sana. Ila baba saba wamekuwa wanane. Juu kabisa, kabla ya Noa, pameandikwa Mahimbo. Mwandiko wangu, wino wangu. Sikumbuki kuliandika! Nikalikata. Baada ya chai limerudi, safi, halina mkato. Nikachana karatasi, nikaandika upya polepole, nikahesabu kwa kidole. Wanane. Vidole vimekuwa baridi na jua lote hili.

Ah, basi! Wanane ni wengi kuliko saba. Akae tu.

Jumapili, 5 Desemba

Nimekwisha!

Wazee wamejaa kwa Mzee Abrahamu, Timotheo mbele kabisa, amekunja nne. Nikasimama. Mimi ni Asheri, mwana wa Mahimbo... Kwa Noa sikufika. Mzee Abrahamu aliinuka, kikombe kikamponyoka. Akauliza Mahimbo yupi. Yeye alikuwa na mdogo wake, jina lake Mahimbo, aliteremka kutoka Usambaa kuja kukata mkonge, mwaka wa ishirini na saba, asionekane tena. Je, baba yangu alikuwa na alama?

Mdomo wangu huu! Nilitaka kumridhisha tu. Nikasema ndiyo, sikio limechanika. Lipi? La kushoto. Neno lilipokwisha toka ndipo nikajua nimelitoa wapi.

Mzee akanikumbatia, analia. Akasema hata sauti ni ya Mahimbo. Halafu akamwita Ruthi aje amsalimie kaka yake.

Kaka! Kwetu watoto wa ndugu wawili wa kiume hawaoani hata dunia igeuke. Ruthi alinishika mkono, analia naye, na sijui alilia furaha au alinililia mimi. Mimi nilimlilia yeye. Miaka ishirini na mitano sina baba, nimempata siku ambayo simtaki.

Jumatatu, 6 Desemba

Mwinyijuma, mlinzi wa shamba, kanipa pole ya ajabu. Kwao pwani binti ami ndiye wa kuoa hasa, nalilia nini? Nikamwambia mimi Msambaa, Mlutheri, na Mzee Abrahamu hatanii.

Nikamwuliza juu ya yule mpaliliaji. Akasema makaburi yale hayajaguswa na jembe tangu vita. Tukaenda kuangalia. Pori tupu, ila makaburi yangu saba yamefagiliwa. Na la nane kando yake, halina msalaba. Mwinyijuma akasoma dua, akaondoka bila kuniaga.

Jumatano, 8 Desemba

Timotheo amekubaliwa. Mzee Abrahamu amesema mimi kama kaka ndiye nitakayempokea mshenga wake na kumkalisha. Mimi! Moyo unaniuma, siwezi hata kunywa uji.

Lakini nimefungua Luka. Baba yake Yusufu ni Heli! Mathayo anasema Yakobo! Basi hata ukoo wa Masiha una orodha mbili, na mimi ni nani nibanwe na moja? Kosa langu lilikuwa kuazima watu waliokufa. Safari hii nimewatunga saba kichwani mwangu, majina ambayo hayajapata kuzaliwa popote. Jumapili nawataja, Mahimbo anafutika, Ruthi wangu.

Nimejaribu kuwaita kwa sauti, mmoja mmoja, mlango wazi, jua linawaka. Wote saba wameitika. Sauti nzito, za watu wenye heshima zao. Mzee Abrahamu atawapenda.