Ombi la Malori Mawili ya Moshi Mweusi, Siku ya Alhamisi

Kwako Bwana Afya wa Jiji,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Mimi ni hamali wa mkokoteni hapa mtaa wa maghala. Shule niliishia darasa la tano, penye kosa unisamehe. Nalalamikia hewa safi mliyotuletea.

1. Wakati wa ule ugonjwa mkubwa, nikikohoa mara moja tu barabara nzima ilikuwa inanipisha. Sasa mmefukuza malori, mmepanda miti, na kifua changu kimefunguka. Juzi, nikiwa na shehena ya saruji, nilijilazimisha kukohoa. Mama muuza sabuni akaniambia, "Kunywa maji, baba," wala hakusogea.

2. Zamani jua lilimfungia msimamizi wetu ofisini. Siku hizi kiti chake kiko chini ya mti wenu, anatutolea macho kutwa.

3. Hili ndilo lenyewe. Mwaka wa tatu huu mke wangu anataka kuja na binti yetu mwenye pumu. Kila mara nilimjibu kwamba hewa ya huku itamuua mtoto. Ilikuwa kweli, ila pia ilinifaa, maana nilishamwambia nina vyumba viwili, kumbe nina kimoja, tena tunalala wanaume watano. Sasa mmetangaza redioni kwamba mtaa wetu hewa yake ni safi. Kasikia. Akanipigia: "Mume wangu, visingizio vimekwisha, au umebakiza kimoja?" Anafika Alhamisi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, malori mawili tu ya zamani yaungurume pale stendi mpaka mke wangu apande basi la kurudi. Dizeli ikikosekana, chomeni matairi. Mtoto mumpe barakoa nzuri, ile ya madaktari. Ikishindikana kabisa, rudisheni karantini, ya siku moja, ya watu wawili.

Nisalimie ofisi nzima, pamoja na dada wa mapokezi aliyeikataa barua hii mara ya kwanza kwa kukosa bahasha.

Wako mwenye mabega mazito,
Hamali wa mkokoteni wa bluu

Nyongeza: Bahasha nimeipata leo Ijumaa. Wamefika. Wenzangu wanne wamejibana kwa jirani, wananicheka. Mke wangu akauliza, "Na chumba cha pili?" Nikamtoa nje, nikamwonyesha kivuli cha mti wenu. Akanuna, kisha akatandika mkeka. Binti amekimbia kutoka mti wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudi. Nimeweka sikio kifuani mwake: hakuna filimbi. Malori msilete. Leteni maji, mti wa tatu unanyauka.