Ayubu kwa Njia ya Mkato

Jumatatu, 4 Machi 2024. Awindiri, Arua.
Ushindi uko mlangoni! Mama Harriet, kiongozi wa kikundi chetu cha kusoma Biblia, ametangaza. Mzee Tombe hawezi tena kutoka kitandani, na anataka asomewe kitabu cha Ayubu mpaka mwisho kabla hajafa. Atakayemsomea ndiye atakayesoma mbele ya kanisa siku ya Pasaka. Mkono wangu ulipanda kabla hajafunga mdomo. Mimi Kambale, fundi redio, mutu ya dunia, niliyefika Kisangani na Juba, darasa la sita na nusu! Adriko fundi cherehani naye akanyoosha. Yule husoma na kidole chini ya kila neno, kama anatafuta chawa. Nikasema hivyo kwa sauti. Watu wakacheka. Nikapewa mimi.

Jumanne, 5 Machi.
Mzee amebaki mifupa na macho. Ini, wanasema. Dada yake, Nora, ndiye anamgeuza kama mkeka. Alinieleza kwa nini Ayubu. Mwaka walipokimbia vita Sudan Kusini, watoto wake wanne walikufa njiani kabla ya kufika Koboko. Kambini mwalimu mmoja akaanza kuwasomea Ayubu, akahamishwa kabla ya kumaliza. Mzee anajua mpaka pale watoto wa Ayubu wanapokufa wote kumi. Tangu hapo anauliza: halafu? Mungu alimfanyia nini yule mtu?
Nikalia. Ndiyo, mimi! Nikamwachia sukari nusu kilo na redio yangu ndogo, ile nzuri. Tukasoma sura mbili.

Alhamisi, 7 Machi.
Balaa. Nimehesabu: sura arobaini na mbili! Marafiki wa Ayubu wamekuja kumpa pole na, nimechungulia mbele, hawanyamazi. Nimekaa matanga mengi, Bunia mpaka Arua, sijaona wageni wenye maneno hivyo. Mzee naye kila saa: rudia hapo, mwanangu, polepole. Kwa mwendo huu atakufa yeye, nitakufa na mimi, Pasaka itapita.
Mpango: kuruka. Mzee macho yake mabovu, atajuaje? Kesho natoka mlango wa sura ya tatu, natua ya mwisho kama helikopta.

Ijumaa, 8 Machi.
Nimetua vibaya.
Nilitupa jicho tu: Ayubu alirudishiwa mara mbili. Basi! Nikafunga kitabu, nikahubiri kwa kichwa changu. Kondoo mara mbili, ngamia mara mbili, punda mara mbili. Watoto? Mara mbili, Mzee! Kumi wakawa ishirini! Na wewe wanne wako, piga hesabu, nane!
Nikangoja amina. Mzee akauliza kama imeandikwa hivyo. Nikaapa imeandikwa. Akauliza hao nane ni wa nani. Yeye hakuomba wengine. Watoto si mbuzi, akasema, akageuza uso ukutani. Chai akakataa. Nora akanitoa nje: "Wewe iko na mdomo kama jenereta, kelele mingi na taa hakuna!"

Jumapili, 10 Machi.
Siku mbili Mzee hali, hasemi. Na Nora amemwita nani? Adriko! Wivu ukanipeleka mpaka mlangoni, nikasimama hapo.
Adriko na kidole chake. Saa nzima kwa ukurasa mmoja, ule wa mwisho! Kondoo mara mbili. Ngamia. Ng'ombe. Punda. Alipofika kwa watoto, kidole kikasimama. Akarudi nyuma. Wavulana saba, wasichana watatu. Akasema, Mzee, hapa ni kumi tu. Hawa hawakuzidishwa.
Mzee akageuka kutoka ukutani. Akaomba asomewe tena. Mara tano! Halafu akasema polepole kwamba basi wale wa kwanza bado iko kwenye hesabu. Kumi pale, kumi hapa. Mungu hakuwafuta. Akataja majina ya wanne wake, mmoja mmoja. Akaomba chai.
Mimi nikapaza sauti kwamba ishirini ndiyo hesabu yangu ya juzi! Hakuna aliyegeuka. Nora alitaka kunifukuza tena, Mzee akasema aniache: huyo moyo wake mzuri, miguu tu ndiyo ina haraka.

Jumatano, 13 Machi. Lurujo, Koboko.
Mzee alifariki jana asubuhi. Tumemzika huku, karibu na njia aliyokuja nayo akiwa hana mtoto. Kaburi nimechimba mimi, viganja vyote malengelenge. Nililia mpaka wageni wakauliza kama mimi ndiye mtoto wa tano.
Nora alinipa Biblia ya Mzee. Mzee aliagiza: apewe Kambale, na uzi mwekundu wa alama ulio ndani aukute palepale alipouweka. Nikatazama. Ayubu, sura ya tatu, pale niliporukia. Huzuni tupu! Maskini, macho yalikuwa mabovu kweli, alikosea mahali.
Pasaka atasoma Adriko. Haya.
Lakini tukitoka makaburini kandambili yangu ikakatika, na ule uzi umeifunga vizuri ajabu. Halafu nikafungua Biblia nyuma kabisa, nikasoma neno la mwisho. Amina. Basi, nimemaliza Biblia nzima! Adriko bado yuko kwa Ayubu na kidole chake.