Sanduku Kavu, Paa Linalovuja

Jumatatu, 16 Januari 1984
Tone limeangukia kamusi ya Kilatini. Nimelisikia. Nje baridi kali, na ukingoni mwa paa barafu imejenga ukuta. Theluji inayeyuka juu, maji yanakwama nyuma ya ukuta huo, yanapenya chini ya vigae, yananijia. Maruta anakuja Jumapili. Binti yangu hana mzaha: akikuta nyumba imenishinda, nahamia makao ya wazee. Niliikimbia Riga, mji wangu, mwaka 1944. Kuhama mara moja kunatosha.

Jumanne, 17 Januari
Barafu ya jirani yangu Stenerud ni nene kuliko yangu. Ndani kwake, pakavu! Chini ya vigae alibandika karatasi nene ya lami, ile yenye gundi. Oktoba, mafundi walipobadilisha vigae vyangu, alinipa bunda lililobaki. Leo ameniuliza kama inazuia maji. Nimejibu kwamba inazuia vizuri sana. Si uongo. Ila haipo paani.

Alhamisi, 19 Januari
Mbinu! Soksi ndefu za marehemu mke wangu Velta, nimezijaza chumvi ya jikoni, nimezirusha juu ya barafu zitoboe njia ya maji. Soksi sita. Mbili zimetua. Moja imenasa kwenye mti wa Stenerud. Akaniita kutoka upande wa pili wa uzio: “Mwalimu, mgeni wako kasahau soksi huku.” Nimesoma baadaye kwamba kwenye baridi hii chumvi ya jikoni haifui dafu. Ningalianza kwa kusoma.

Jumamosi, 21 Januari
Doa la dari lina umbo la Ghuba ya Riga. Nimelipaka chaki. Limerudi. Nimebandika ramani juu yake. Maruta akiuliza, napenda kuisoma nikiwa nimelala chali. Sufuria ya kukingia maji nimeitandikia kitambaa, matone yasisikike. Sijalala.

Jumapili, 22 Januari
Maruta kaja na mikate midogo ya nyama. Stenerud naye, kurudisha soksi. Tumekunywa kahawa. Ramani ikaanza kutuna kama tumbo. Nikazungumza kwa sauti zaidi. Ikapasuka juu ya Stenerud.

Akajipangusa, akauliza kwa upole ile karatasi niliibandika wapi hasa. Maruta hakungoja jibu. Ameinama chini ya kitanda, akalivuta sanduku la safari, lile tulilolifunga mimi na Velta tangu 1950, tayari kwa siku ya kurudi Riga. Jeusi tii. Nimelizungushia ile karatasi ya lami pande zote. Halifunguki hata kwa patasi.

“Baba, umefunika mzigo ukaacha nyumba?”

Nikasema nyumba hii ni ya muda tu.

“Miaka thelathini na minne, baba?”

Akalipapasa sanduku, machozi yakimlengalenga. Stenerud akasema theluji ikiisha atapanda kubandika mwenyewe. Maruta kanipa hadi Mei. Paa likiwa bado linavuja, nahama.

Jumatatu, 23 Januari
Stenerud kaleta bunda jipya. Kasema linatosha ukingo wa paa kamili, hakuna ziada, nisiliguse. Nimepima. Kweli linatosha kamili.

Kamusi imevimba kurasa. Vitabu navyo vitasafiri siku moja, na havina kinga. Ghalani nimepata kasha zuri la mbao.

Nimekata mita mbili tu. Paa refu vile, nani atajua?