Kitambaa Namba Moja

Mnamo Mei 2004, huko Texas, Jumuiya ya Wazungumzaji wa Kiswahili, Vickery Meadow na Viunga Vyake, ilitangaziwa kwamba kuanzia siku ile kupona kutafuata utaratibu.

Chanzo kilikuwa padri wa parokia, mzaliwa wa Ayalandi. Alisimulia kwamba kijijini kwao kuna kisima kitakatifu. Mgonjwa hunawa, hufunga kipande cha nguo mtini, na nguo ikioza, ugonjwa nao unakwisha. Ukikifungua cha mwenzio, ugonjwa wake unakuhamia. Akaleta chupa ya maji hayo. Wiki ile ile mwaloni wa nyuma ya kanisa ukajaa matambara, la kwanza likiwa la Esperance, mama wa Uvira anayebeba maboksi kwenye ghala la Mesquite: kitenge kikuukuu, kwa ajili ya mgongo.

Mwenyekiti Nderitu, mtu wa ofisi, hakuvumilia uchafu ule. Aliunda kamati ndogo, ikaagiza nailoni ya buluu isiyochakaa, kila kipande na namba yake. Namba moja aliifunga mwenyewe kwa ajili ya goti lake, akapigiwa makofi.

Mwezi wa Agosti akasikia Esperance anautaka uenyekiti. Hakukasirika, alirekebisha katiba. Ibara mpya ikasema ambaye kitambaa chake bado kiko mtini ni mgonjwa, na mgonjwa asichoshwe na uongozi. Goti lake halikumtia wasiwasi. Lingepona kabla ya uchaguzi wa Desemba. Nani alikuwa na kitambaa bora kuliko chake?

Jua la Texas likafanya kazi yake. Siku ya uchaguzi kitenge kilikuwa kimeshadondoka zamani, na mgongo umenyooka. Namba moja iling'aa kama imetoka dukani.

Nderitu, macho ya wote yakiwa kwake, akamnong'oneza katibu wake, Kigen, akaifungue.

"Mzee, hilo goti nalijua," Kigen akasema. "Na mimi kazi yangu ni ya kusimama."

Nderitu akamgeukia Esperance: si waahirishe uchaguzi kidogo, hadi Pasaka?

"Papa, niliiangalia asubuhi," Esperance akajibu kwa upole. "Hata uzi moja haijakatika. Mulinunua kitu ya maana."

Kura zikapigwa. Nderitu akabaki mbele, goti likimuuma, hotuba ya ushindi mkononi. Mwenyekiti mpya akamwonyesha kiti, safu ya mwisho, karibu na choo.

"Ikala, Papa. Wagonjwa tutawaangalia."