Skrubu za Buluu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwezi wa kumi na nne ukweni. Baba mkwe, Mzee Vitus, amepokea shikamoo yangu huku akifuta bomba lake la kupulizia dawa shambani. Akajibu marahaba, kisha akauliza kama na leo nitakula hapa. Jibu alilijua. Aliuliza ili jirani asikie.

Kazini kuna habari. Uwanja wetu wa michezo pale Kivukoni una bunduki sita za rangi. Zinarusha vidonge vya rangi kwa hewa iliyobanwa kwenye chupa. Watu wazima wanalengana, wanachafuana, wanacheka. Zote nyeusi, zote sawa, na bosi wetu, Bi Klementina, amechoka na wageni wanaozichanganya. Anataka zirembwe vitu vidogo tu: skrubu za nje, pini, vifuniko. Mimi tatu, mwenzangu Fridolin tatu. Jumamosi atakagua. Atakayemridhisha anakuwa msimamizi wa vifaa, na msimamizi anapewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo.

Vyumba viwili! Mlango wangu mwenyewe!

Masharti aliyataja kwa vidole. Chupa ya hewa itolewe kabla ya kugusa chochote. Skrubu za karibu na njia ya hewa ziachwe. Kila skrubu irudi kwenye tundu lake. Kifuniko cha mtutu kisivuliwe nje ya uwanja wa mchezo. Fridolin aliandika. Mimi nina kichwa.

Jumanne, 10 Juni

Fridolin ametoa chupa, akalenga chini akafyatua mara mbili kumaliza hewa iliyobaki. Kisha akachora bunduki kwenye kipande cha boksi. Kila skrubu anayofungua anaichomeka mahali pake kwenye mchoro. Vichwa anavipaka rangi ya kucha, nyekundu, tabaka jembamba, halafu anasubiri ikauke. Anasubiri! Nimemwambia ahamie saluni. Akacheka, akasema kaka Agapiti karibu, kiti kipo. Simpendi mtu anayecheka hivyo.

Mimi sipaki. Rangi hubanduka. Kuna fundi baiskeli mjini Ifakara aliyewahi kunionyesha: chuma kikipata moto wa kutosha kinageuka manjano, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu ya chuma chenyewe. Moto ninao. Msimu huu pumba za mpunga zimelundikana nje ya mashine zote za kukoboa, na mke wangu, Balbina, anapikia jiko la pumba. Moto wa taratibu, wa siku nzima. Fridolin na kucha zake!

Jumatano, 11 Juni

Nimefungua skrubu zote za bunduki tatu, nikazitia kwenye kopo moja la maziwa. Sikuchora kitu. Skrubu ni skrubu.

Nikazifukia jikoni chini ya sufuria ya maharage. Balbina akauliza ni nini kile. Nikamwambia ni nyumba yetu. Akasema basi nyumba yetu itoke chini ya maharage yake kabla hajaimwaga.

Matokeo. Skrubu tano buluu safi kama mgongo wa ndege mdiria. Sita zambarau. Nyingine kijivu, nimeamua kuwa ni mtindo. Pini moja haikuwa ya chuma kumbe. Imeyeyuka ikawa tonge. Skrubu moja haionekani. Nimechakura jivu mpaka nikapiga chafya za damu. Balbina akakumbuka kwamba kopo la kwanza la jivu alilimwaga kwenye mchicha. Alisema hivyo bila haraka yoyote.

Alhamisi, 12 Juni

Maduka matatu. Hakuna skrubu ndogo kama ile. Muuzaji mmoja akanipa msumari, akaniambia nitashukuru.

Niliporudi nyumbani, bomba la Mzee Vitus lilikuwa linaning'inia ukutani. Skrubu tisa kwenye mpini. Mwenyewe yuko Michenga kwenye mavuno. Nani anahitaji skrubu tisa? Nimechukua moja. Imeizidi iliyopotea kwa urefu, kama unene wa ukucha. Nimeipasha moto, imetoka buluu kuliko zote. Kazini imeingia kwenye bunduki kwa kulazimishwa, jirani kabisa na kifyatulio.

Fridolin akapita, akaona kichwa chake kimejitokeza. Akauliza kama niliipima. Ana za ziada, saizi yake, anipe moja? Nikamwambia abaki nazo, atazihitaji zake zikilegea.

Jioni Mzee Vitus amerudi akakuta mpini wa bomba unacheza. Akauliza nani kaligusa. Nikasema labda panya. Akauliza panya wa siku hizi wanatumia bisibisi ya saizi gani.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwalika Mzee Vitus. Nimemwambia avae lile shati jeupe la kanisani, aje ashuhudie mkwe wake akikabidhiwa ufunguo. Akauliza mara tatu kama ni kweli nahama. Sijawahi kumwona na furaha vile. Hata kwenye harusi yetu hakuwa hivyo. Amenimegea mkia wa kambale kwa mkono wake.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea.

Bunduki za Fridolin zilikuwa mezani, nadhifu, vichwa vyekundu. Bi Klementina akasema zinafaa. Zangu akazishika muda mrefu. Akasema ile buluu hajawahi kuiona popote. Akamuuliza Fridolin ameionaje. Fridolin akasema ni nzuri kuliko zake. Mbele za watu! Mzee Vitus, pembeni ya meza, alianza kutabasamu.

Laiti ningeishia pale.

Lakini bunduki ya tatu nilikuwa nimeifunga chupa ya hewa na kuijaza vidonge ili ionekane kamili. Kifuniko cha mtutu nilikivua kwa sababu kilificha skrubu ya mbele. Na ile skrubu ya bomba ilikuwa imetazama upande, mng'ao wake haumfikii bosi. Nikaweka bisibisi, nikaikaza robo mzunguko.

Vidonge sita. Waridi. Vyote kwenye shati jeupe, kuanzia mfukoni kushuka.

Hakuna aliyeumia, isipokuwa tumbo la Mzee lina alama. Fridolin ndiye aliyeruka akaitoa chupa ya hewa. Bi Klementina akaichomoa ile skrubu mwenyewe, akaiweka mezani, akasema ncha yake ndiyo iliyosukuma kifyatulio. Akauliza imetoka bunduki gani.

Mzee Vitus akasogea huku akidondosha rangi. Akainama, akaitazama. Akasema mama, hiyo si ya bunduki. Hiyo ni ya bomba langu. Kisha akanigeukia, kwa sauti ya chini kabisa: "Mkwe, mimi nilikuja kuona nyumba."

Jumatatu, 16 Juni

Fridolin amehamia. Vyumba viwili, dirisha linatazama mto. Nimebebeshwa kitanda chake, upande wa miguuni. Amesema kwa upole kwamba akipata nafasi atanifundisha ule mchoro wa boksi. Nikasema asante. Moyoni nilisema mengine.

Nimelitafakari jambo hili kwa haki. Kosa lilikuwa la bisibisi. Na la Mzee kusimama pale. Buluu haikuwa na kosa. Bosi mwenyewe aliisifu.

Mzee Vitus hasemi nami. Kwa kupitia Balbina ameagiza skrubu yake irudi kwenye bomba kabla hajaenda kupulizia nyanya. Nimeirudisha. Nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama. Moja ya buluu kati ya nane nyeusi: haipendezi. Ataniona mzembe.

Nimezifungua zote nane. Ziko kwenye kopo. Jiko limeshakolea, na Balbina ameenda sokoni.