Wagombane Mezani Kwangu

Jumapili, 9 Novemba

Haya, umekuja. Ndiyo, wewe, Tulia, unayefungua droo ya miiko ya bibi yako kabla hata hujavua koti. Huoni aibu? Tangu mahindi mabichi mpaka theluji, hata pua yako sijaiona! Hiyo Woodbury ni mbinguni, kwamba mtu akienda harudi? Kaa. Soma daftari hili. Shule sikwenda, herufi ulinifundisha mwenyewe kwenye meza hii, kwa maandishi ya makopo ya supu. Sasa vumilia mwandiko.

Najua mmenuniana na baba yako. Gaudens alikutafutia kazi pale hospitali kwake, ukaiacha, ukaenda kuoka keki. Yeye hataji jina lako, wewe hutaji lake. Huo ndio ugomvi mbaya, wa watu wasioongea. Mimi napenda ule mwingine.

Wa leo, kwa mfano! Tumetoka kanisani, wakaja wote kwangu kuangalia mpira. Huu wa hapa Marekani, wanaoushika kwa mikono halafu wanauita wa miguu. Timu yetu ya zambarau ina warushaji wawili na nafasi moja. Mmoja namwita Mzee. Ndevu zina mvi, goti limefungwa bandeji. Mwingine namwita Mtoto. Katoka chuoni juzi, ana mkono kama manati, ila nusu ya mipira anawarushia maadui. Baba yako yuko na Mzee. Murhula, mume wa shangazi yako Victoria, yuko na Mtoto. Wamegombana tangu mchana mpaka giza! Baba yako kasema Mtoto hajui hata kufunga kamba za viatu. Murhula kajibu kwamba Mzee arushiwe mkongojo, si mpira. Victoria kawaambia wote wawili wakapimwe.

Timu imefungwa. Hakuna aliyeondoka! Wamekula ndizi na maharage, wakarudia, wakakwangua sufuria.

Asante Mungu kwa warushaji wawili. Angekuwa mmoja, ningekula peke yangu.

Jumatatu, 10 Novemba

Shetani hapumziki. Victoria kapiga simu. Mama Ernestine, mama yake Murhula, kanunua runinga. Upana wa mlango. Hapana, milango miwili. Kaitundika ukutani kwake kule Anoka, na anataka watu wote waende Jumapili. Na Alhamisi ya bata mzinga pia, sikukuu yao ya kushukuru! Alhamisi ya bata mzinga ni yangu tangu tulipofika nchi hii. Anajua. Anajua kabisa!

Runinga yangu ndogo, sikatai. Wachezaji wanaonekana kama siafu waliovaa kofia. Nimekaa nikawaza mpaka chai ikapoa. Halafu likanijia. Watu hawaji kwangu kuangalia. Wanakuja kubishana! Basi ubishi wa kwangu lazima uwe mtamu kuliko wa Anoka. Na nani wa kuutia chumvi? Nani mwingine?

Nimempigia kila mtu. Nimesema Jumapili nitatoa neno langu kuhusu mrushaji, na neno hilo halisemwi kwenye simu. Victoria kauliza kama nimekunywa dawa zangu.

Jumatano, 12 Novemba

Nasoma mpira. Kutwa nzima mbele ya runinga na rimoti mkononi, kama mkurugenzi. Kuna bwana mwenye kipara anachora mishale. Mishale mingi, nyekundu na ya njano. Nilichoelewa: wanainama, wananong'ona, wanarukiana, wanaanguka, wanaanza upya. Kama watu wa harusi chakula kikichelewa.

Mrushaji ndiye kila kitu. Akikosea, analaumiwa yeye. Akipatia, anasifiwa aliyedaka. Nimemwonea huruma. Ndio umama wenyewe huo.

Nimeamua. Nitakuwa na Mzee. Goti lake na langu ni ndugu.

Wote wamekubali kuja kwangu Jumapili. Hata Murhula! Runinga ya Ernestine itaangaliwa na Ernestine. Namshukuru Mungu, na nimemwomba anisamehe kwa kucheka.

Jumapili, 16 Novemba

Waitu, nimejiua mwenyewe!

Nyumba ilijaa. Baba yako kashakaa kwenye kochi, Murhula pembeni, wameshaanza kurushiana maneno, raha tupu. Mimi nikasimama katikati na mwiko. Nikasema Mzee ndiye arushe. Nikasema anayemtaka Mtoto hajawahi kulea, maana mtoto hakabidhiwi kisu siku anapoota meno. Makofi! Baba yako kapiga miguu sakafuni. Nikamgeukia Murhula, nikisubiri moto.

Murhula kainamisha kichwa. Kasema ni vile, maman. Basi. Kanyamaza.

Mkwe wangu! Nilisahau kwamba ni mkwe wangu! Kijana huyu tangu amemwoa Victoria hajawahi kunipinga hata kwa kope. Nikisema theluji ni nyeusi, atasema ni vile, maman. Kwao Bukavu hivyo, kwetu Bukoba hivyo. Mkwe habishani na mama mkwe, hata nyumba ikiungua. Nilijua. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsifia adabu hiyo kanisa zima.

Mzee kaangushwa, kaangushwa tena, kalala kifudifudi kama kapata usingizi. Murhula kimya. Baba yako kamtupia maneno makali, akitaka ajibiwe. Murhula kamwambia shemeji, mama ameshasema. Sasa ubishi wa mtu mmoja ni nini? Ni kikohozi. Kufika mapumziko, baba yako anapiga miayo. Kabla mpira haujaisha kila mtu kashavaa koti. Eti barabara itateleza.

Sufuria imejaa mpaka juu. Nimekula ndizi nikiwa nimesimama. Ubishi nimeuua kwa ulimi wangu mwenyewe.

Ila namshukuru Mungu kwa mkwe mwenye adabu. Ingekuwa pungufu kidogo tu, ningemshukuru zaidi.

Jumanne, 18 Novemba

Dawa imepatikana. Siwezi kumwambia mkwe nibishie. Haisemeki. Lakini naweza kumtuma Victoria. Kwa hiyo nimemwambia Victoria amwambie mumewe kwamba nimetafakari, nimeomba, na sasa niko na Mtoto. Hapo Murhula yuko huru kumsifu Mtoto mpaka sauti imkauke.

Na baba yako? Yeye sijamwambia. Yeye ajue bado niko na Mzee, apate nguvu. Kila mmoja aamini mama yuko nyuma yake. Uongo? Si uongo. Ni chachandu.

Jioni baba yako kapita akitoka kazini. Kaniletea zawadi, jezi ya Mzee, zambarau inayong'aa. Kasema mama ndiye pekee anayemwelewa. Nikalia kidogo, kwa kweli. Hajatoka vizuri, Victoria huyo mlangoni! Murhula kashukuru mno kusikia nimeongoka. Katuma jezi ya Mtoto, imekunjwa vizuri kama shuka ya altare.

Nani mwingine duniani ana watoto kama hawa? Nimezishukuru zote. Nimezificha zote.

Jumapili, 23 Novemba

Jezi mbili, mwili mmoja. Nikazivaa zote. Ya Mtoto chini, ya Mzee juu. Nilipanga wakati wa mapumziko niende jikoni nigeuze, ya chini iwe juu, kila mtoto apate nusu yake. Mpango safi!

Na ulianza vizuri. Baba yako kaniona na jezi ya Mzee, kifua kikamtuna. Murhula naye anajua yake kutoka kwa Victoria, akadhani navaa hii kumfariji baba yako. Wakawashana moto! Kelele mpaka jirani kagonga ukuta. Nikawa naimba jikoni.

Lakini oveni ilikuwa inawaka, na maharage, na watu. Jasho! Nikaingia sebuleni na sinia ya nyama, nikaiweka mezani, nikasema jamani humu kuna joto, nikavua jezi mbele ya watu wote.

Moja.

Baba yako kaangalia kifua changu. Murhula kaangalia zulia. Victoria kaangalia jezi iliyo mkononi, kaangalia iliyo mwilini, kaanza kucheka mpaka kashika ukuta. Baba yako kasema mama anacheza pande zote mbili. Nikasema ni baridi ya nchi hii. Nimetoka kusema joto!

Mara runinga ikapiga yowe. Mzee kaanguka na hainuki. Goti. Wamembeba kwa kigari. Bwana mwenye kipara katangaza kwamba huyo basi mpaka mwaka ujao, Mtoto ndiye mrushaji. Hakuna cha kubishania tena.

Unajua Murhula alifanya nini? Alisimama akamkumbatia baba yako. Kampa pole kama ya msiba. Baba yako kafuta macho. Amani! Amani mbaya, amani ya kaburini! Wakaondoka wameshikana mabega, na mlangoni wakakubaliana Alhamisi waende wote Anoka, kwenye runinga kubwa, wakapumzishe roho.

Goti la Mzee, Mungu aliponye. La kwangu linauma kwa ajili yake. Meza yangu imekwenda.

Jumatatu, 24 Novemba

Nikampigia Ernestine ili nimkaripie. Nilishatayarisha maneno tangu asubuhi. Kapokea, na kabla sijalitoa la kwanza, kaanza kulalamika yeye! Kasema ile runinga ni hasara. Wanawe walikuja Jumamosi, wakakaa kama wako kwa daktari wa meno. Banaangalia tu, kasema. Hakuna mtu anasema kitu. Wakaangalia, wakala sombe, kisamvu chao, kidogo, wakaenda. Kasema Mama Gaudens, ninyi mnafanyaje, Murhula anarudi kutoka kwako amepotelewa na sauti mpaka Jumanne?

Hasira ikanitoka. Nilikuwa nimemwita mwizi moyoni, kumbe ni mjane mwenye runinga.

Nikamweleza yote. Na mimi nikijisikia nikieleza, nikaona! Murhula hawezi kunipinga mimi. Lakini mama yake je? Mama mzazi anapingwa kila siku, ndiyo kazi yake. Na Gaudens atanipinga mimi bila huruma. Basi tugombane sisi, mabibi! Hoja ipo bado: je, Mzee apewe mkataba mwaka ujao, au aachwe aende? Ernestine kataka kumtetea Mzee. Mimi nikachukua kumfukuza. Imeniuma, goti ni goti.

Alhamisi, 27 Novemba

Anoka, nyumbani kwa Ernestine. Runinga yake, sufuria zangu.

Timu yetu haikucheza, walicheza wengine, hakuna aliyejali. Watu walikuwa wanaanza kusinzia kwa bata mzinga. Ernestine kanikonyeza. Kasema kwa sauti kwamba timu isiyomtunza Mzee wake haina akili. Nikasema mwenye goti bovu akae nyumbani ale uji, kama yeye Ernestine. Kaniambia mimi mpira naujulia wapi, naangalia siafu. Nikamwambia fufu lake, ugali ule mzito wa muhogo, lingeziba hilo goti vizuri kuliko bandeji.

Na moto ukashika! Murhula karuka, kamwambia mama yake kwamba amekosea, Mzee aachwe, maman mukwe ana haki. Mkwe wangu, upande wangu, anapiga kelele, na adabu haijavunjika hata ukucha! Baba yako kainuka akaniuliza kama na yeye akizeeka nitamtupa kwenye theluji. Nikamwambia itategemea goti. Victoria kahama pande mara nyingi hata tukaacha kumuuliza. Giza likaingia hatujui. Fufu likaisha. Runinga ilikuwa inajiangalia yenyewe.

Tulipofika kwenye kushukuru, kila mtu aseme lake, mimi niliangalia nyuso zote zimefura kwa kubishana, na sikuweza kusema kitu. Mimi! Ernestine kasema basi na hilo limeandikwa mbinguni, mama huyu kanyamaza.

Kiti kimoja kilikuwa kitupu, Tulia. Ernestine alikiweka mwenyewe.

Baba yako ndiye kanirudisha nyumbani Coon Rapids. Njia nzima theluji inapiga kioo. Tumekaribia mlangoni, kaniuliza, macho yake barabarani. Kauliza hivi Tulia yuko na Mzee, au yuko na Mtoto?

Kalitaja jina lako.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimemjibu baba yako kwamba uko na Mtoto. Kabisa! Nikasema unamtukana Mzee hata usingizini. Kakunja uso. Kasema mtoto huyo hajui kitu, aje nimweleze. Sikia hilo: aje.

Sijui uko na nani. Hata sijui kama unaangalia. Kuanzia leo uko na Mtoto.

Ila Ernestine naye kapiga asubuhi, kauliza hivyo hivyo, na yeye tunamhitaji. Kwa hiyo nimemwambia uko na Mzee.

Sasa nisikilize. Singoji tena ufungue droo, daftari hili Victoria anakuletea. Jumapili njoo kabla mpira haujaanza. Lete keki, kubwa, baba yako akiwa na hasira ya mpira hula chochote. Usianze habari za hospitali. Anza na mrushaji. Jezi zote mbili ziko kwangu droo ya chini, nimezifua. Vaa ya Mtoto juu na ya Mzee chini.

Na hata humu ndani kukiwa na joto namna gani, mjukuu wangu, usivue.