Popo Mweusi na Mfalme Aliyelala Chali

Jumatatu, 10 Novemba
Mvua. Nimechonga funguo mbili tu tangu asubuhi, mmoja wa baiskeli. Lakini Juzuu ya Pili imekwisha! Miaka sita!

Nikatoka mbio kibandani kumpasha habari Mama Nunokawa wa duka la vitabu, mwisho wa mtaa wetu hapa Amagasaki. Akauliza juzuu ya pili ya nini. Nikamkumbusha: ufalme ambao vita vyote humalizwa ulingoni, refa ni joka, na mfalme wa kinyago cha zambarau nilimwacha chali mwisho wa juzuu ya kwanza, joka ameshahesabu mbili, bado tatu ashindwe. Akasema aa, kile cha kule chini, karibu na ramani za zamani. Amekubali nisome dukani Jumapili. Wakija watu watano, kitabu kitapata rafu. Wasipokuja, basi Bwana Kuramochi, tumwache huyo mfalme apumzike.

Kinyozi Ebisawa alikuwepo. Mashairi yake ya paka yako mbele kabisa, mlangoni. Akanipa pole. Nani kamwomba?

Jumanne, 11 Novemba
Wazo! Ukumbi wa mieleka haujazwi na mtu mwema. Watu hufunga safari kwenda kumzomea mbaya. Mimi nimekuwa nikihudhuria tangu nina meno ya utoto, na jambo hili nalikumbuka leo!

Nimebandika kadi kwenye ubao wa wasomaji pale dukani: KITABU CHA KURAMOCHI NI TAKATAKA. JUMAPILI NAKUJA KUKICHANA MBELE YENU. POPO MWEUSI. Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Hakuna atakayejua. Mama Nunokawa aliuliza mbona mkono wangu wa kushoto una wino. Nikasema ni funguo.

Jumatano, 12 Novemba
Jibu! Mwandiko ulionyooka, hauna hata kunyanzi. "We Popo, umekisoma kweli? Ukurasa wa 212 mfalme anamfunga adui yake kamba za viatu, kwa sababu adui kavunjika mkono. Takataka ni wewe. Mimi nangoja mwaka wa sita huu nijue kama anainuka. Shabiki wa Kiti cha Nyuma."

Nimeisoma mara nne. Mtu amefika ukurasa wa 212! Mke wangu, enzi akiwa mke wangu, aliishia wa tisa. Donge langu la wali nimelila nimesimama mbele ya ubao. Ilikuwa kama kula na mtu.

Nimejibu, mkono wa kushoto: mfalme wako ana kitambi.

Alhamisi, 13 Novemba
"Mwenye kitambi ana wa kumpikia. Wewe Popo, nani anakupikia?"

Nimecheka kwa sauti kibandani. Bi Sawatari, dobi wa dirisha la mbele yangu, akainua macho kwenye pasi. Mjane. Miaka sita tunaongea habari za mvua tu. Nikamwambia ni redio. Akasema hajawahi kuniona na redio. Nikasema kweli. Maongezi marefu kuliko yote ya mwezi huu!

Jibu la Popo leo ni kombora: ANAYEKIPENDA KITABU HIKI HANA HATA MTU WA KULA NAYE. Nimejivunia sana.

Ijumaa, 14 Novemba
Hakuna kadi. Nimekwenda mara tano. Mama Nunokawa akaniambia nihamie kabisa, nije na godoro. Bi Sawatari naye hakuitikia salamu. Baridi, nadhani.

Jumapili, 16 Novemba
Watu kumi na wanne! Wote wakiuliza Popo yuko wapi. Nilisoma sura ya kwanza. Ebisawa, paka kikapuni, akaanza: Popo! Popo! Wengine wakapokea.

Nikaomba radhi, nikaenda msalani, nikarudi kwa mlango wa nyuma na kinyago nilichokishona kwa kitambaa cha mwavuli. Walivyonizomea! Sijawahi kupendwa namna ile. Nilipanga kuchana bunda la matangazo. Matundu ya macho madogo, sikuona vizuri. Nikachana sura yangu ya mwisho. Nakala ndiyo hiyo hiyo moja, ya mkono.

Hapo safu ya nyuma akasimama Bi Sawatari, mikononi riboni za karatasi zilizoviringishwa, zote zambarau. Mtu wa mieleka anajua: kile kigogo cha kati unakitoa nyumbani, unaiviringisha upya iwe laini, umpendaye akitajwa unairusha ifunguke hewani, isimwumize. Zote alikuwa kazitengeneza hivyo. Isipokuwa moja, kigogo chake kimo. Hiyo ilinipata katikati ya macho. Bi Sawatari ana mkono!

Jumatatu, 17 Novemba
Plasta kwenye paji la uso. Bi Sawatari amekuja kibandani na bahasha. Ndani, sura ya mwisho! Aliokota vipande vyote, akavigundisha, akavipiga pasi. Ukurasa wa mwisho kaukunja. Anasema huo aliugundisha amefumba jicho moja, hakuusoma.

Akaitazama plasta. Akasema huyo Popo naye lazima kaumia. Shabiki wa kweli hamvui mtu kinyago. Akasema, kana kwamba si mimi, nikikutana na mwandishi nimwambie saa kumi birika litakuwa jikoni, aje amwambie kwa mdomo wake kama mfalme anainuka. Na kwamba Jumamosi huwa na kiti kitupu ubavuni kwenye mieleka, tangu marehemu mumewe aondoke.

Moyo ulinidunda hadi nikaharibu ufunguo wa mteja.

Lakini nimetafakari. Pambano la ubingwa halitolewi wiki ya kwanza! Lazima lipikwe, liive. Kwa hiyo saa tisa na nusu nimebandika kadi: MWANDISHI ANAOGOPA CHAI. POPO MWEUPE, NDUGU YAKE POPO MWEUSI.

Saa kumi na moja. Pasi imezimwa. Vikombe viwili vilikuwa dirishani kwake. Kimoja kakiondoa, kisha akafunga pazia.

Hasira za namna hiyo! Safi kabisa! Jumapili hapatatosha.